Bendera ya Saa Kumi na Moja

Jumatano, 1 Julai 2026

Bustani ya burudani ya Cedar Bell leo – jamani! Nchi inatimiza miaka mia mbili na hamsini na bustani imepambwa mpaka vyoo. Vyoo vina nyota! Nimecheka peke yangu mlemle ndani. Halafu nikalia kwenye onyesho la tai. Alitoka mnarani, akapita chini kabisa juu ya vichwa vyetu, nikahisi upepo wa mabawa usoni. Watu elfu mbili, kimya. Hata watoto! Miaka kumi na tisa nina kadi ya mwaka na bado yule ndege ananitoa machozi.

Baba alijimwagia sukari ya keki kifuani, akasema tai amenenepa.

Baadaye ukumbi wa marais, wale masanamu wa mitambo wanaopepesa macho na kuhutubia. Mwishoni wakasema kama kawaida: mliowahi kuwa jeshini simameni tuwapigie makofi. Mzee wa mbele yetu akajikongoja, akainuka. Baba amekaa. Kila mwaka anakaa! Miaka miwili jeshini, picha yake na sare iko sebuleni, na hasimami. Ana miaka sabini na minane. Nataka nimwone amesimama mara moja tu kabla hajanitoka.

Basi nilipokwenda "kununua maji ya limau" nikamwandikisha Baba langoni: Wendell Stroud, askari wa zamani, asaidie kushusha bendera saa kumi na moja jioni. Sijamwambia. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 2 Julai

Wamepiga simu. Jumamosi! Tarehe nne yenyewe, Siku ya Uhuru, mbele ya bustani nzima! Nimerukaruka jikoni kama mwehu. Baba kauliza kuna nini. Nikasema panya.

Ijumaa, 3 Julai

Nimemwambia. Akaweka kijiko chini. Nani kakutuma? Nikasema ni heshima tu, Baba, dakika kumi. Akasema hakupigana na mtu, hakuvuka hata bahari, vita alivisikia redioni kama watu wengine. Wanaostahili makofi hawawezi kusimama. "Niache, Darlene."

Nikamuuliza, sasa miaka yote miwili ulikuwa unafanya nini, unamenya viazi? Ulimi wangu huu! Akatoka kwenda kukata majani. Majani aliyoyakata jana.

Nimepiga simu kufuta. Hakuna shida, watamweka mwingine. Baba kasema twende hivyohivyo, anataka kuona ngoma. Mimi nimeona aibu kumtazama.

Jumamosi, 4 Julai

Saa tano. Ngoma na filimbi! Watu mia mbili na hamsini waliovaa kama askari wa kale wanashuka kilimani kwa hatua moja, ardhi inatetemeka mpaka kwenye soli. Mwili umenisisimka wote. Baba anagonga fimbo kufuata mdundo. Kisha ndege nne za vita – zimepita kwanza, sauti ikaja nyuma yake. Kofia yangu imeanguka, sijaiokota.

Saa kumi na moja u nusu. Naandika benchini. Ngoja nitulie niandike vizuri.

Bendera ilishushwa. Rhonda, yule dada mwenye koti la kale anayeongoza sherehe, akaikunja na mzee mmoja wa jeshi la maji aliyechukua nafasi ya Baba. Pembetatu juu ya pembetatu. Walipofika mwisho, badala ya kubaki buluu yenye nyota peke yake, nyekundu ikachungulia nje, kidogo tu. Makofi yakaanza.

Baba akasimama.

Amesimama! "Hapana. Ifungueni." Sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. Rhonda akatabasamu, akasema iko sawa tu, mzee wangu. Haiko sawa, binti, akasema Baba. Hiyo huwezi kumpa mama wa mtu.

Akavuka kamba. Mikono yake inatetemeka mwaka wa tatu sasa, hata uma unamshinda. Ilipogusa kile kitambaa ikatulia. Nimeona kwa macho yangu! Akakunja upya, akivuta kila kona, akinyoosha kwa kiganja. Ikabaki buluu na nyota tupu.

Nikadhani atamrudishia Rhonda. Akageuka, akaja safu ya mbele, kwangu. Akapiga goti – goti lile bovu! Akaniwekea bendera mapajani, kiganja kimoja juu, kimoja chini, akaniita mama. Kwa niaba ya taifa lenye shukrani, mama... Akakwama hapo.

Miaka miwili Baba alikuwa anazika askari waliokufa vitani. Anakunja bendera ya jenezani, anapiga goti, anampa mama wa marehemu. Na mimi nikamuuliza habari za viazi! Nimelia mpaka kamasi.

Sasa ameketi hapa kando yangu, bendera kaipakata. Ni mali ya bustani, inatakiwa irudi kabatini. Rhonda amesimama pale, kofia mkononi, hathubutu kuiomba. Watu hawajaondoka. Hakuna anayepiga makofi.

"Nimepiga goti mara mia moja na kumi na mbili," kasema. "Majina ninayo yote." Kisha akaliona daftari hili. "Andika, mwanangu."

Mama Ottley. Mwanawe Gene.

Mama Prewitt. Lyle, na mwaka uliofuata Roy.

Mama Sandoval. Huyu alikataa kuipokea. Baba alibaki amepiga goti mpaka waombolezaji wote wakaondoka.

Mama Haugen. Mwanawe –

Polepole, Baba, polepole, nakuja –