Sauti Iliyoitwa Jumamosi

12 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tunapumua vizuri, isipokuwa goti la Mama ambalo limeanza tena visa vyake. Na wewe, kile kikohozi kimekuacha? Baba anasema uache kujifanya chuma.

Nakuandikia kwa sababu ulilalamika kwamba kwenye simu nanyamaza mpaka unadhani mtandao umekatika. Ni kweli. Kwenye karatasi angalau nina maneno.

Pedali yako ya besi, ile uliyokuwa ukiikanyaga jukwaani kubadilisha sauti ya gitaa, imefika salama. Niliifungua juu ya kitanda, nikaifuta vumbi kwa fulana ya zamani, nikakaa kuitazama kama mgeni ambaye sijui nimkaribishe na nini. Sikujua kitu kidogo hivyo kinaweza kubeba sauti zote hizo. Nyingine zinafanya besi iungurume kama trekta, nyingine kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Lakini ile uliyoiita JUMAMOSI, Shangazi, hiyo ndiyo. Nene, laini, inajaa kichwani mpaka kwenye meno.

Mama yuko zamu ya usiku hospitalini, mchana analala, kwa hiyo napiga na hedifoni. Yeye anachosikia ni nyuzi kavu tu, tik tik tik. Anasema ni kama kuishi na panya mwenye nidhamu.

Habari kubwa ni kwamba bendi imenichukua kwa majaribio. Mpiga besi wao amehama. Kiongozi, ambaye anapiga kinanda na ndiye mwenye vyombo, amesema nitapiga nao mpaka mwisho wa Aprili kisha ataamua. Nikikosa, naanza ile kozi ya ukarani ambayo Baba ameshanitafutia nafasi. Sina ugomvi na ukarani. Ila siutaki, na siwezi kumwambia Baba siutaki nikiwa sina kitu kingine mkononi.

Tatizo ni hili: chumbani nasikika, mazoezini sisikiki. Juzi Kiongozi alisimamisha wimbo akauliza kama nimechomeka waya. Nilikuwa nimechomeka. Nilikuwa napiga mpaka vidole vinawaka. Wenzangu wakacheka, mimi nikatazama viatu.

Nifanye nini?

Mwanao


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, kimebaki kiburi. Mwambie baba yako chuma hakikohoi. Na wifi yangu mpe pole ya goti, mwambie asimame kidogo na akae sana.

Sasa sikiliza. Hedifoni zinakudanganya. Zimekukalia sikioni, hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna mtu anayeburuta kiti. Humo sauti nene ni malkia. Ukiipeleka ukumbini, ngoma kubwa inaimeza na hata haitafuni. Punguza unene wa chini, ongeza sauti ya katikati. Ukiwa peke yako itasikika mbaya, kama mtu anayesemea puani. Ivumilie. Mwangwi nao utoe wote, ukumbi una wa kwake.

Na usifanye marekebisho hayo chumbani. Yafanye mazoezini, mpiga ngoma akiwa anapiga, uinamie pedali mbele za watu hata kama unaona haya. Chumba ni cha kufundishia vidole tu.

JUMAMOSI niliitengeneza kwa gitaa langu na spika yenye ukubwa wa kabati. Wewe una gitaa la kuazima na spika kama sanduku la viatu. Si ajabu haielewani nawe.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linasikia amri yako, limetulia. Natumaini kiwanda hakijakuongezea zamu nyingine, maana Baba anasema siku hizi unashona sare hata usingizini.

Nimefanya ulivyosema. Jumanne niliinama mbele zao wote, masikio yananiwaka moto, nikapunguza, nikaongeza, nikatoa mwangwi. Ikasikika kama mtu anayesemea puani. Nikaivumilia. Basi tulipoanza wimbo, mpiga ngoma akageuka akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Hajawahi kunitazama tangu nijiunge.

Alhamisi nikawasha pedali, ile sauti nene imerudi. Nikaanza upya. Jumanne iliyofuata, imerudi tena. Kila mazoezi natumia nusu ya muda nikiwa nimechuchumaa, Kiongozi ananisubiri mikono kifuani. Ameanza kuniita Fundi Bomba.

Jumamosi tulikuwa na shoo, sherehe ya kampuni moja. Hapakuwa na muda wa kuchuchumaa. Kiongozi alihesabu, tukaanza, nikazama. Mwimbaji akasema kwenye maikrofoni, mbele ya meza zote, kwamba tumepotelewa na besi, atakayeiona airudishe jukwaani. Watu wakacheka sana. Nami nikacheka, ili nisilie.

Shangazi, pedali hii ina kichwa kigumu. Sikulaumu wewe, nailaumu yenyewe, ingawa ni yako.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nina afya, nina kazi, na nina swali moja.

Unahifadhi? Ukishabadilisha, unabonyeza kile kitufe cha pembeni mpaka iulize, halafu unakubali? Usipohifadhi, ukizima inasahau kila kitu. Nijibu upesi, nimekosa raha.

Shangazi yako


26 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote tu wazima.

Kitufe nakijua. Nilikijua tangu siku ya kwanza, nilisoma maelekezo yote, hata kurasa za lugha nisizozijua. Ukikibonyeza, pedali inauliza kama iandike juu ya JUMAMOSI. Huwa najibu hapana.

Nafasi zote zimejaa, Shangazi. Zote ni sauti zako. Ulikaa ukizitengeneza miaka ile ulipokuwa unapiga, na hii moja uliipa jina. Mimi ni nani niifute kwa sababu ya bendi ambayo hata haijanichukua moja kwa moja? Ningejisikia kama nimeingia chumbani kwako nikatupa nguo zako nje.

Kwa hiyo nairekebisha, napiga, nazima, inarudi kama ulivyoiacha. Nilidhani nikiwa mwepesi zaidi wa kuchuchumaa itatosha.

Mwanao


3 Aprili

Wewe mtoto,

Nimesoma barua yako nimesimama. Kisha nikakaa. Kisha nikaisoma tena nikitumaini nimekosea.

Yaani tangu Februari unatandika kitanda na kukitandua mwenyewe, halafu unaniandikia kwamba huna pa kulala? Nimekaa hapa nashona huku nawaza kuhusu waya, kuhusu spika, kuhusu kama gitaa lenyewe ni bovu. Nimemsumbua mpiga besi mmoja mzee kwa simu nikimuuliza habari zako kama mgonjwa. Kumbe unaulizwa ndiyo au hapana, na unajibu hapana.

Hiyo si heshima. Ni uoga uliovaa nguo za heshima, na nguo zenyewe zinakubana. Nilikutumia chombo cha kazi, sikukutumia kaburi la kufagia. Sauti zile nilizitengeneza kwa kufuta nyingine zilizokuwepo. Unadhani nililia?

Bonyeza ndiyo.

Shangazi yako, ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa zuri mpaka leo asubuhi


27 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini damu imeshuka.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikasirika. Umeniita mwoga, na ni kweli, ndiyo maana nilikasirika. Na sikubonyeza. Niliona nikibonyeza sasa itakuwa kwa hasira, nikaacha. Usisimame, endelea kukaa, kuna mengine.

Jumamosi ilikuwa shoo ya mwisho ya majaribio. Nilifika kabla ya watu wa viti, nikarekebisha kila kitu taratibu, nikakataa kuizima mpaka tuanze. Shangazi, nilisikika. Watu waliinuka wimbo wa kwanza tu. Nilihisi besi ikipita kwenye mbao za jukwaa na kunipanda miguuni.

Ulipofika wimbo wa taratibu, nikataka kukanyaga kitufe cha kupunguza sauti kidogo. Nikakikanyaga kwa muda mrefu mno. Unajua kinachotokea. Pedali ikaingia kwenye sehemu ya kulinganisha nyuzi, na sauti ikazimwa kabisa. Taa ndogo ya kijani inaniambia nyuzi zangu ziko sawa, na mimi sitoi hata mlio. Ningekanyaga tena tu. Lakini nilishaganda. Niliona nikikanyaga vibaya mara ya pili, itapasuka sauti ya ajabu na ukumbi wote utanigeukia. Nikaendelea kuchezesha vidole. Wimbo mzima, toka mwanzo mpaka makofi.

Baadaye tukiwa tunakunja nyaya, Kiongozi akaja. Nilijua yameisha. Akanigusa bega akasema, "Ule wa taratibu umeupiga kwa adabu. Besi isiyosumbua, hivyo ndivyo ninavyotaka." Akasema nimo. Ameamua.

Kwa hiyo nimepata. Nimepata nafasi kwa wimbo ambao sikuupiga. Baba amefurahi, Mama amefurahi, mpiga ngoma amenipa mkono. Na mimi nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nimechubuka vidole miezi mitatu, na kitu alichokipenda ni mimi kutokuwepo.

Ninyamaze tu?

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sikupongezi, na nadhani hutaki nikupongeze.

Nilianza kucheka, kisha nikaona haichekeshi. Ukinyamaza, atakutaka hivyo kila wiki. Utakuwa na kazi ya kubeba gitaa jukwaani na kulirudisha nyumbani. Nimewaona watu wa namna hiyo, na wana vidole laini sana.

Lakini kuna jambo hukuniandikia. Wakati wa ule wimbo wa taratibu, watu waliokuwa wanacheza walifanya nini?

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, Baba pia, ingawa Baba kwa sasa ananitazama kama mtu aliyebadilishiwa mtoto. Nitakueleza.

Walikaa. Swali lako lilinifanya niweke barua chini. Walirudi kwenye viti karibu wote, wakaanza kunywa soda na kutazama simu. Kiongozi alisema wamechoka. Lakini wimbo uliofuata, nilipokanyaga tena na sauti ikarudi, waliinuka. Nilikuwa naona yote hayo kwa macho yangu, sikuyaunganisha.

Mazoezini Jumanne nilisema naomba niseme kitu. Wote wakanigeukia, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisikia nikiomba. Nikamwambia Kiongozi, "Ule wimbo wa taratibu uliousifu, sikuupiga."

"Hukuupiga vipi? Nilikuona."

"Uliniona. Hukunisikia. Sauti ilikuwa imezimwa. Ndiyo maana watu walikaa."

Mpiga ngoma akaweka vijiti chini, akafunika uso akicheka bila sauti. Mwimbaji akasema sasa anaelewa kwa nini usiku ule alijiona anaimbia fanicha. Kiongozi hakucheka. Alinitazama, akatazama pedali, akanitazama tena mimi, kisha akasema nipige sasa, pale pale, kwa sauti ile ninayoitaka mimi.

Nikainama. Nilijua namba zote kwa kichwa, nimezirudia mara nyingi kuliko jina langu. Pedali ikauliza swali lake. Nikabonyeza ndiyo. Halafu ikaniomba jina jipya, na wote wamesimama wananisubiri, nikaandika JUMANNE kwa sababu ilikuwa Jumanne. Samahani, ningekuwa na muda ningefikiria kitu kizuri zaidi.

Tukaanza. Ilisikika, Shangazi. Puani, ngumu, mbele kabisa. Hatujafika hata nusu, Kiongozi akainua mkono akasimamisha wimbo.

"Unachelewa," akasema. "Kiitikioni, unachelewa. Unachelewa hivi tangu lini?"

Nikasema sijui, labda tangu mwanzo.

"Tangu Februari mtu anachelewa kwenye bendi yangu na mimi sijui!" Akageukia wenzangu kama wao ndio walionificha. Akanigombeza robo saa nzima, huku akikipigapiga kinanda makofi, kuhusu kiitikio, kuhusu kusikiliza mguu wa mpiga ngoma, kuhusu vijana wanaochomeka mashine badala ya kuhesabu. Adabu hakuitaja tena. Hakusema nimebaki wala nimeondoka. Alisema Alhamisi ya mwisho wa mwezi nije nikiwa nimeshakirekebisha.

Nimechukia mpaka sasa. Hajawahi kunigombeza hivyo. Wenzangu anawagombeza kila wiki.

Niliporudi nyumbani Baba aliniuliza kama niende Alhamisi kujiandikisha kwenye ile kozi, endapo ya bendi yameharibika. Nikamwambia Alhamisi siwezi, nina mazoezi, na kozi siitaki. Nilisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba Mama aliamka.

Nimekurekodia wimbo wote, nimekutumia kwenye simu. Sikiliza ukipata nafasi. Nadhani Kiongozi anazidisha.

Mwanao


24 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Nimesikiliza. Kiongozi wako hazidishi. Unachelewa, na inaudhi. Lakini si kiitikio chote kama anavyosema, ni pale tu unapohamia uzi mnene. Unautafuta kwa kidole cha pili, na hakifiki. Tumia cha tatu.

Haya, nenda kafanye. Na usinijibu kabla ya Alhamisi hiyo.

Shangazi yako mwenye masikio