Vipande Vitatu vya Mwisho

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye? Natumaini magoti yamepoa, na mahindi hapo Nyakitonto yamebeba vizuri. Mimi huku Kibondo ni mzima, na safari hii nina habari ya kukufurahisha.

Unajua pikipiki ilivyonivunja mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa, vidole vilikuwa vigumu kama kuni, hata mkasi havikushika. Nilidhani cherehani ndiyo basi tena. Daktari wa mazoezi akanipa mchemraba wa rangi, ule wa kuchezea, unaozungushwa mpaka kila upande uwe na rangi yake. Nikaona ananifanya mtoto.

Kwenye benchi la mazoezi nilimkuta Nadine, mwalimu Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, naye anauguza bega. Akanifundisha hatua kwa hatua. Wiki zikapita, nikawa naupanga wote isipokuwa vipande vitatu vya ukingoni, juu kabisa, kila kimoja kimekaa mahali pa mwenzake. Nilijua njia moja tu ya kuvihamisha, yenye mizunguko mingi. Mara nyingi nilifika mwisho bado havijakaa, nairudia yote, mkono unauma hadi machozi.

Siku moja Nadine akanizuia. "Banza urabe." Kirundi chao na Kiha chetu ni ndugu, nikaelewa: tazama kwanza. "Hiki cha kijani, kwao wapi?"

"Kulia."

"Sasa mbona unakipeleka kushoto?"

Akanionyesha. Kumbe ipo njia ya pili, ni ile ile iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Ukishaona vipande vinataka kuelekea wapi, unachagua njia yake, unapita mara moja tu.

Jumatatu nikatazama, nikachagua, vidole vikaenda bila kusita. Rangi zote zikakaa! Wagonjwa wakapiga vigelegele. Daktari akasema, "Fundi, rudi kazini." Mama, nilipita mjini kichwa juu kama bibi harusi. Juzi nimemaliza gauni la kwanza, kitenge cha Nadine, na kola haina kasoro.

Nisalimie baba mdogo Simoni, shangazi Agripina anayeniombea kanisani, na wifi yangu Leokadia. Mwambie asinunue nguo za kichanga, nazishona mimi.

Barua mbili zilizopita aliniandikia jirani. Hii, na mwandiko wake uliopinda, nimeiandika mwenyewe.

Binti yako mwenye mikono miwili,
Yustina