Rehema kwa L

Jumatatu, 3 Februari

Kikao cha asubuhi, tumesimama kama kawaida. Watu watano, kila mmoja aseme jana kafanya nini, leo anafanya nini, wapi kakwama. Mie nimesema fomu ya kusajili mtoto mgonjwa, kwenye programu yetu ya simu, imekwisha. Imekwisha kweli. Kiswahili kimenyooka, maana nimekiandika mie, mtoto wa Tanga. Zahanati ya Kyebando inaanza kuitumia tarehe 3 Machi. Wagonjwa wao wengi Wakongo na familia za askari, ndiyo maana wakataka Kiswahili.

Nakato, Mganda, mwenzangu wa kuchora kurasa, kasema Alhamisi analeta watu watatu waijaribu mbele yetu. Na Alhamisi ijayo wengine watatu. Kila wiki hivyo hivyo. Naona ni kupoteza saa za kazi. Halafu ananiita Zuhula. Mwaka wa pili huu. Nikamsahihisha tena: Zuhura. Akasema, "Kale, Zuhula," yaani haya, sawa, kwa Kiganda. Kaniudhi.

Alhamisi, 6 Februari

Vifaa vyenyewe: meza moja, simu yenye kioo kilichopasuka, na simu ya pili imeegemezwa kwenye mkebe wa majani ya chai irekodi vidole. Shukrani kwa mgeni ni soda na rolex, ile chapati iliyoviringwa na mayai, ya jamaa wa hapo chini barabarani. Sisi wengine ukutani. Sheria moja tu, midomo tufunge. Mtu akikwama, asisaidiwe.

Wa kwanza Mama Rehema, Mkongo wa Bukavu, anauza vitenge Kyebando. Akakubali kuandika habari za mwanawe mwenyewe. Kajaza vizuri. Jina, umri, na pale pa dawa zinazomdhuru akaandika penisilini. Halafu akaweka simu mezani, akakunja mikono.

Tukangoja. Kitufe kipo, kijani, kikubwa: WASILISHA. Nilitaka kuruka nikibonyeze mwenyewe. Nakato kimya, kama hana haraka na dunia. Mwisho akamuuliza taratibu anangoja nini. "Nangoja iniambie imefika." Na kile kitufe? Lile neno hakulijua, akaogopa kuligusa.

Wa pili naye hakukigusa. Wa tatu, sajini mstaafu wa polisi, alikibonyeza kwa hasira tu.

Nimeona aibu. Neno langu zuri, na fomu zisingefika popote.

Ijumaa, 7 Februari

Nimebadilisha. TUMA. Dakika mbili. Nimenuna asubuhi nzima hata hivyo.

Alhamisi, 13 Februari

Wageni wapya watatu. Wote wametuma.

Leo sikuangalia skrini, nimemwangalia Nakato. Anakaa kwenye kigoda ili mgeni awe juu yake. Hasemi "umekosea" hata mara moja. Anawaambia, tunaijaribu hii programu, hatukujaribi wewe. Mgeni akipotea njia, yeye anaandika kosa, na kosa ni letu. Wakiondoka anatuachia makosa matatu tu ya kurekebisha kabla ya Alhamisi nyingine. Mengine yangoje.

Kazini nilikotoka walikodi wataalamu. Miezi, ripoti nene, rangi tele. Hakuna aliyeisoma. Huyu na mkebe wa chai kanifundisha zaidi kwa saa moja. Sijamwambia.

Jumatano, 19 Februari

Bosi wetu, Bwana Opio, kafuta Alhamisi. Siku zimebaki chache, kila mtu arudi kwenye kazi yake. Si mtu mbaya, zahanati wanampigia simu kutwa. Nakato akasema kale. Nilipaswa kusema neno. Nikajitia hamnazo, nikaangalia viatu vyangu. Woga mtupu.

Alhamisi, 20 Februari

Kiti cha mgeni kitupu. Nimemaliza sehemu ya kumtafuta mgonjwa kwa jina. Unaandika jina, faili inakuja. Inafanya kazi. Nilikuwa nageuka kila mara kuangalia mlango.

Jumatano, 26 Februari

Nakato kesho anakwenda zahanati mwenyewe, saa yake ya chakula. Anasema wa mapokezi hajaigusa bado, na ndiye atakayeitumia siku nzima. Kaniomba nimshikie simu ya kurekodi. Nitakwenda.

Alhamisi, 27 Februari



Kyebando, benchi la korido. Sista Nalubega wa mapokezi, na Mama Rehema kaja na Rehema mwenyewe, miaka sita, nywele zimesukwa upya. Habari alizojaza mama yake Alhamisi ya kwanza zimo, Nakato alizituma mwenyewe baadaye. Kazi ni rahisi: mtoto kafika, mtafute.

Mama kasema, Rehema. Sista akaandika Lehema. Skrini: HAKUNA. Akaandika tena, polepole, Lehema. HAKUNA. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye foleni angefanya, akamsajili upya. Faili mpya, nyeupe pe. Mstari mwekundu wa kuonya juu ya penisilini haupo. "Tayari," akasema, anatabasamu.

Mama Rehema akainama kwenye skrini. Akauliza, "Na ile ya sindano?"

 Mwaka juzi sindano ile ilikuwa karibu kumuua mtoto, alitusimulia siku ile ya kwanza. Na Jumatatu si majaribio tena.  Ule utafutaji nimeuandika mie, unalinganisha herufi kwa herufi.

Njiani nikasema, kwa uchungu, hawa hawajui R na L. Nakato hakukasirika. Akanieleza kwa vidole. Kiganda kina sheria yake: baada ya e na i unaandika R, kwingine kote L. Rehema inaanza na herufi hiyo, haikutanguliwa na e wala i, basi L. Sista kaandika sawasawa kama alivyofundishwa shule.

Zuhura, baada ya u. Kwa hiyo L.

Miaka miwili namsahihisha mtu asiyekosea. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mie nimeambiwa, na bado nimechelewa.

Ijumaa, 28 Februari

Kwenye kikao nimesema mie kabla ya Nakato. Nimesema yote, la WASILISHA, la Lehema, na kwamba wiki iliyopita nilinyamaza kwa woga. Nikasema bila Nakato tungemdunga mtoto Jumatatu na tungejiita hodari.

Kutwa nimefanya hilo tu, kurekebisha utafutaji. R na L sasa ni kitu kimoja, na ile faili nyeupe ya Lehema nimeifuta. Na majina yanayofanana yanatokea yote, na umri na jina la mama. Saa kumi jioni Nakato akarudi Kyebando na simu yake ya kioo kilichopasuka, wauguzi watatu, soda tatu. Wote wamempata Rehema.

Bwana Opio kaandika ALHAMISI kwenye ubao, kubwa. Kalamu aliyoshika kumbe ni ile isiyofutika. Tumesugua mpaka na spiriti. Imebaki.

Jumatatu, 3 Machi

Zahanati asubuhi. Nimekaa benchi la nyuma, midomo nimefunga.

Saa nne hivi akaja Mama Rehema, mtoto ana kikohozi. Sista akaandika Lehema. Jina moja likatokea, na mstari mwekundu chini yake. Akausoma kwa sauti, mtoto huyu hapigwi penisilini. Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa, akingoja zamu yake. Foleni ikaendelea.

Ofisini nimechemsha chai ya wote. Kikombe changu kina plasta aliyoiandika Nakato, ZUHULA. Nilikuwa naibandua kila wiki, naye anabandika nyingine. Leo nimeikuta imelegea pembeni. Nimeikandamiza kwa kidole mpaka ikashika, nikanywa.