Glavu Zako Nazirudisha

Kirushya, 4 Machi 2024

Mwanangu Clotilda,

Hujambo wewe na mumeo? Mimi mzima. Mgongo tu, ule ule. Kaburi la mama yako nimelipalilia.

Mfuko wako Pancras, dereva wa Noah, kaniletea. Glavu nzuri, nene, ndefu. Nimepuliza dawa kahawa ya Anatoli siku mbili, mikono haikuwasha. Vibarua wenzangu wananiita daktari. Tuma boksi lingine, nao wanazitaka. Andika barua, simu yangu ilitumbukia kwenye bomba la dawa, ikafa kabla ya wadudu.

Mimba vipi? Mbili zimetoka. Hii usinifiche kitu.

Baba yako,
Telesfori

Biharamulo, 15 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Huo mgongo upumzishe. Mimba ina miezi mitatu, naogopa kidogo. Unajua tangu mwaka juzi hapa hospitali mimi na mwenzangu Felisita ndio tunaochanganya dawa za wagonjwa wa saratani. Ni dawa kali, ndizo zinazoua uvimbe. Chumba kilikuwa stoo, kuna meza moja, na chai tunanywea hapo hapo. Niliomba nihamishwe mpaka nijifungue. Matroni akasema, "Mimi nimezaa wanne nikiwa kazini."

Glavu nyingine hazipo, baba. Zililetwa boksi moja moja kwa sisi tunaochanganya. Krismasi niliona mikono yako ilivyochanika, chakula kikanishinda. Mimi navaa zile nyembamba za wodini. Usijali.

Binti yako,
Clotilda

Kirushya, 20 Machi

Clotilda,

Salamu utazipata nikishapoa.

Umenipa zako? Mikono yangu hii mibovu na mtoto aliye tumboni, ukachagua mikono?

Bwana shamba alitufundisha nusu siku, tumekaa kwenye magunia. Usile ukiwa na dawa. Nguo zifue peke yake. Mwenye mimba asikanyage shamba siku ya kupuliza. Mimi wa darasa la tatu nimeelewa. Ninyi wenye vyeti mnakunywa chai juu ya sumu! Na huyo matroni, hao wanne aliwazaa akichanganya dawa hiyo? Muulize. Au acha, nitamuuliza mimi.

Mbili zilipotoka nilimlaumu Mungu. Sasa sijui kama nilimwonea.

Ijumaa nakuja. Glavu nazirudisha. Nimetumia jozi mbili, zilizobaki sijazigusa.

Baba yako

Biharamulo, 28 Machi

Baba, shikamoo.

Ulifika nyumbani salama? Felisita mpaka leo anacheka. Gambuti, ovaroli, barakoa, na bomba mgongoni! Mlinzi alidhani umekuja kuua mbu. Na matroni naye:

"Mzee, mbona hivi?"

"Hizi nguo za kuua mdudu wa kahawa. Nionyeshe za mwanangu."

"Haya mambo ni ya kitaalamu, mzee."

"Basi chukua kikombe chako, mtaalamu, tukanywe chai pale mezani kwake."

Hakuinuka. Aibu niliona, baba, sikudanganyi. Lakini Jumatatu nimehamishiwa kliniki ya watoto.

Binti yako,
Clotilda

Biharamulo, 2 Juni

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje?

Mtoto ameanza kucheza. Nikila ndizi anapiga teke. Sijawahi kufika hapa, baba.

Ila furaha yangu haijakaa vizuri. Felisita anachanganya peke yake, kazi yake na iliyokuwa yangu. Boksi ulilorudisha limeisha, hakuna lililoletwa. Chumba ni kile kile. Jana kaniambia ana mimba ya miezi miwili. Ameomba kuhama. Matroni kamjibu, "Na wewe utaniletea baba?" Watu wakacheka. Baba yake alikufa zamani, huko Mabawe.

Binti yako,
Clotilda

Kirushya, 5 Juni

Clotilda,

Salamu kwako, kwa mumeo, na kwa huyo anayepiga teke. Mwache apige.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilidai mtoto wangu tu, nikageuza nikaondoka. Wenzako nikawaacha na ile meza.

Mwambie Felisita Ijumaa asiguse chupa hata moja. Bomba nimeliosha. Safari hii tuko vibarua saba, kila mtu na gambuti zake, kila mtu na kikombe. Hatuondoki kwa mtu mmoja kuhamishwa. Tutaondoka nguo zikifika.

Matroni akiuliza tumemfuata nani, mwambie baba yake Felisita amekuja.

Baba yenu,
Telesfori