Mume Wangu Anakwenda Itetemia, Nihitimishe Nini?

Bi Anifa mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijaibomoa nyumba yangu kwa mikono yangu. Mimi ni Najiat wa Cheyo, mume wangu Sabiri ni fundi seremala, na tangu Ramadhani ipite kila Ijumaa anafunga karakana mapema, anaoga, anavaa shati safi, anakwenda Itetemia, nikimuuliza kuna nini huko anasema "Kuna shughuli," basi, na simu aliyokuwa akinipa nimsomee ujumbe, maana shule hakwenda, sasa anaificha, nami nikajiambia, mwenye hawara huoga, hujipamba, huficha simu, huyu anafanya yote, kwa hiyo ana hawara, nikaenda Ipuli kwa mama mkwe nikayamwaga yote na Sabiri mwenyewe yupo, akanitazama tu, akasema, "Najiat, hata wewe?" akatoka.

Kilichonivuruga zaidi ni hiki. Narudia kidato cha nne katika darasa la watu wazima, na juzi mwalimu Zablon alitupa kifungu cha ufahamu kinachosema nadharia ya kisayansi ikiwa sahihi, mambo iliyoyatabiri huonekana. Yasipoonekana, ina kasoro. Lakini yakionekana, huenda ipo nadharia nyingine inayoyaeleza vilevile. Swali: utabiri wa nadharia fulani umetimia, tunahitimisha nini? Nikaandika, imethibitishwa. Nikapata kosa. Nikabisha, mwalimu akasema, "Kifungu hakijasema hivyo. Hilo umekuja nalo kutoka nyumbani." Tangu hapo situlii, mara nafungasha nguo, mara nazifungua, nawaza kama nimekosea kwenye kifungu basi nimekosea na kwa Sabiri, hana hatia kabisa, na dada yangu Zabibu ananicheka, "Ndoa si sayansi!" Niondoke, au nimwombe radhi?

Najiat, Cheyo

Marahaba, mwanangu. Pole, lakini keti kwanza, maana umekosea mara mbili.

Mwenye hawara huoga, sawa. Hata anayekwenda kumposea mpwa wake huoga! Umeona dalili, ukachagua sababu moja, ile inayouma, ukaikimbiza hadi kwa mama mkwe. Hilo la kwanza. La pili ndilo linalonitia hofu: kushindwa kuthibitisha kwamba ana hawara si kuthibitisha kwamba hana. Kwamba hana hatia, hilo nalo kifungu hakijalisema. Unaruka kutoka ukuta huu hadi ule, halafu unashangaa hutulii.

Zabibu mwache acheke. Nadharia hupimwa pale inapoweza kuvunjika. Ijumaa vaa baibui lako, simama mlangoni, mwambie, "Leo twende wote." Usimnyatie kama mwizi. Akikataa, usihitimishe chochote. Muulize kwa upole anaogopa nini. Akikubali, nenda ukaone kwa macho yako. Na hizo nguo zirudishe kabatini.

Kabla ukurasa huu haujachapwa, Najiat alinitumia ujumbe:

"Bi Anifa, nimekwenda. Ni kwa mwalimu mstaafu, Bi Agnetha, na mumewe. Sabiri anajifunza kusoma. Alikaa na kitabu cha darasa la kwanza mapajani, akashindwa kunitazama. Anasema aliona aibu, mke anarudia mtihani na yeye jina lake hajui kuliandika, na simu aliificha ili ajaribu kusoma ujumbe mwenyewe. Nilimwambia nisamehe, akafunga kitabu akatoka. Njia nzima hakunisemesha. Nifanyeje?"

Najiat, usimpikie pilau ukadhani yamekwisha. Ulimchafulia jina Ipuli, nenda Ipuli, ukae mbele ya mama yake, Sabiri akiwepo, useme kwa kinywa chako, "Mama, nilihukumu nisichokijua. Mwanao hana hawara." Mama atauliza, sasa Itetemia anafuata nini? Hapo ufunge mdomo. Hilo ni lake Sabiri, atalisema mwenyewe siku atakayopenda.