Ngozi ya Chini ya Kofia

Kasulu,
Jumatano, 11 Juni.

Mama mpendwa,

Shikamoo, na mwakeye. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza kuuma, na maharage umeshayaanua kabla mbuzi wa jirani hawajayafikia. Sisi huku hatujambo. Obedi na watoto wanakusalimu. Mdogo ameota jino na anamng'ata kila anayembeba. Mgonjwa wetu Benita anakula na analala.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu, na kila nikipiga nasikia salamu za jirani yako Adija kabla ya zako. Haya ninayotaka kukuambia si ya Adija. Ndiyo maana nimempa Mwalimu Theonest, anayerudi Busunzu kesho, akukabidhi mkononi. Isome mwenyewe, taratibu, usimpe mtu akusomee.

Nianze na upasuaji, maana najua umeshasikia mengi ya mitaani. Kile kidonda cha puani kwa Benita kilichokataa kupona tangu mwaka jana ni kansa ya ngozi kweli. Jumanne ya wiki iliyopita Dkt. Saady alikikata chote. Ni mtu wa Tanga, mpole, ila hana maneno ya kupamba. Amesema kwa anavyoona amekimaliza, lakini kipande kimepelekwa Mwanza kupimwa, na tusishangilie kabla majibu hayajarudi.

Pua upande wa kushoto ilibaki na tundu, ikabidi waijenge upya palepale. Ngozi waliitoa kwenye paji la uso. Daktari aliichora kwa kalamu, akaipasua, akaigeuza na kuishusha hadi puani, akaishona. Ila hakuikata yote. Imeachwa imeshikana pale kati ya nyusi ili iendelee kupata damu mpaka izoee makao mapya. Kwa hiyo sasa Benita ana kitu kama kishikio cha kikombe kutoka kwenye nyusi hadi puani. Atakaa nacho wiki tatu, na tarehe 24 watakikata na kusawazisha pua.

Nakueleza haya ili ukimwona usishtuke kama nilivyoshtuka mimi. Nilidhani wamekosea, nikataka kumwita nesi. Anne-Marie, mama mmoja wa kambi ya Nyarugusu anayemuuguza dada yake kitanda cha jirani, alinishika mkono akaniambia, "Iko muzuri, mwana wangu, acha kulia, yeye anakuangalia wewe." Nikafuta machozi.

Kabla ya upasuaji nilimfuata daktari nikamwambia wachukue ngozi yangu, ya paja au ya popote, mimi nipo. Hakunicheka. Alinieleza kwamba mwili haupokei ngozi ya mtu mwingine, hata awe ndugu wa tumbo moja. Kisha akasema Benita hahitaji ya mtu, anayo yake nzuri. Alimvua kilemba akanionyesha paji lake. Akasema ni nadra kuona mtu mzima mwenye ualbino, na tena wa kijijini, mwenye paji safi namna ile, kwa sababu jua huanzia hapo. Akamuuliza nani alimfundisha kuvaa kofia. Benita akajibu kwamba ni mama yake, aliyekuwa hamruhusu hata kwenda chooni bila kofia. Basi ujue daktari amekusifu, na pua ya mwanao imetokana na ukali wako.

Lakini hakuishia hapo. Alisema pua kofia haiifuniki vizuri, pua hukingwa na mafuta ya kuzuia jua, na akauliza kama utotoni alikuwa hayapaki. Benita akasema alipaka kila asubuhi bila kukosa, ila nyumbani hawajawahi kumwamini. Alilisema hilo bila hasira, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya uji mkononi, nikaiweka chini.

Mama, unakumbuka uliponipigia siku majibu ya kwanza yalipotoka. Ulisema huyu mtoto ni kichwa ngumu tangu zamani, mafuta ya bure aliletewa akayadharau, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hata mimi nilikuwa nimeweka sauti ya juu, siku hiyo moja tu. Benita alikuwa ameketi kando yangu na alisikia kila neno. Tangu hapo hajauliza tena kama utakuja.

Sasa nisikilize. Mwaka ule nilipochumbiwa na Obedi, Benita akiwa na miaka kumi na miwili, Tunu wa saluni aliniambia kwamba mafuta wanayogawiwa watoto kama Benita pale Kibondo hulainisha uso, na hata ukilima mchana kutwa huungui ukawa mweusi. Nami nilitaka siku ya harusi niwe nang'aa. Basi kila siku ya kliniki walipomletea chupa mpya, niliyamimina kwenye kopo langu, na ile chupa nikaijaza losheni nyeupe ya dukani niliyoizimua kwa maji. Nilifanya hivyo hadi nilipoolewa, karibu miaka miwili. Benita alijipaka kila asubuhi mbele ya kioo, kwa bidii, losheni ya maji.

Na unaikumbuka siku pua yake ilipobabuka ikatoka damu. Ulimuuliza, akaapa kwamba anapaka, ukasema anaongeza na uongo, ukamchapa kwa fimbo ya mti wa kahawa. Mimi nilikuwa mlangoni nachekecha unga wa muhogo. Niliendelea kuchekecha. Fimbo ile ilikuwa yangu, mama. Sikio lilisikia, dawa ndiyo haikuwemo.

Nimemuuliza daktari kama mimi ndiye niliyemsababishia. Alisema hakuna anayeweza kujua, jua hujikusanya kwenye ngozi tangu utotoni, na miaka miwili ni sehemu tu. Nilidhani jibu hilo litanipumzisha. Halikunipumzisha, maana hata kama kansa si yangu, uongo ni wangu, na jina la kichwa ngumu analibeba yeye.

Jumapili nilimwambia Benita. Siku nzima ile na Jumatatu alipokea uji kutoka kwa Anne-Marie, si kwangu, ingawa kidonda aliniachia nisafishe kwa kuwa manesi walikuwa wachache. Jana ndipo akafungua kinywa. Alisema nikuandikie wewe, kwa mkono wangu, nisipunguze, na kwamba ataisoma kabla sijafunga bahasha. Naona haya, mama, na nakuogopa kama nilivyokuogopa nikiwa mdogo. Nisamehe ukiweza. Lakini kabla ya kunisamehe au kunikasirikia mimi, mrudishie yeye jina lake.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Adija pia, hana kosa. Mungu akulinde na akupe nguvu ya safari.

Ni mimi mwanao,
Careen.

Mama, shikamoo. Nimeisoma yote, hajapunguza. Sijamsamehe, nikimsamehe nitakuambia. Ila mkono wake ni mwepesi kwenye kidonda kuliko wa manesi, kwa hiyo ukija na hasira iache kwanza Busunzu, bado namhitaji. Njoo kabla ya tarehe 24, nataka uwepo wakikata. Niletee kofia yangu pana, iko nyuma ya mlango. Daktari amenipa mafuta mapya. Nayalalia chini ya mto. Benita.