Nani Anarudisha Jina Langu, Baba Neema?

Baba Neema,

Salamu zitafuata. Kwanza nina jambo la kukuuliza, na usinicheke kama ulivyozoea. Ulikuwa unasema, "Mama Neema, wewe hata jogoo akiwika unauliza nani kamtuma." Haya, sawa. Lakini safari hii jogoo kweli alikuwa ametumwa, na aliyemtuma nimemjua.

Tulianua matanga vizuri. Ndugu zako walikuja kutoka kila upande wa Ufipa, baridi ikatupiga, tukawapikia. Baada ya kula wazee wakakaa, wakamsimamisha mdogo wako Oswadi, wakasema huyu ndiye atakayekaa mahali pako. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kama mjane anavyotakiwa, lakini macho yangu hayakulala. Nilimwona shemeji akilitazama shamba letu kwa nyuma ya nyumba, analitazama kutoka mpaka hadi mpaka. Nikajisemea moyoni, eee, kumbe ndiyo hivi.

Jumapili iliyofuata akaenda kwenye kikao cha kuzikana cha mtaa wetu hapa Milanzi. Hakuniambia. Akamwambia katibu, Mwalimu Skola, abadilishe jina la kaya yetu liwe Oswadi. Na wewe unajua maana yake kuliko mimi. Jina likiwa Oswadi, kaya yetu imekwisha, imemezwa na ya kwake. Kikao kikiitwa anasimama yeye. Likija suala la mpaka wa shamba, mtaa utamuuliza yeye. Mimi na Neema tunabaki watu wa nyumba ya Oswadi, tunakaa kwa hisani.

Mwalimu Skola akafungua ile kompyuta yake ndogo, akafungua faili lile la Eksel ulilowatengenezea, kila kaya na shiti yake, na chini kule vile vichupo vyenye majina vimejipanga kwa alfabeti. Akabofya kichupo chetu, akafuta Mama Neema, akaandika Oswadi. Watu wakaona. Nikaambiwa jioni na jirani, tena kwa huruma ile nisiyoipenda.

Halafu ukatokea msiba kule juu kwa wauza mbao. Tukakusanyika. Mwalimu Skola akafungua faili agawe kazi: nani kuni, nani maji, nani unga wa ulezi. Anasoma kichupo kimoja kimoja, sauti yake ya darasani. Akafika: "Mama Neema, kuni."

Watu wakatazamana, Baba Neema. Shemeji akanigeukia. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Jina la Oswadi halikuwepo popote. Akaandika upya, mbele ya watu, akahifadhi. Kikao kilichofuata, faili linafunguliwa: Mama Neema.

Basi maneno yakaanza. Unajua mji wetu. Huku mtu akijikwaa tu watasema ni mkono wa mtu. Wakasema marehemu hajalala. Wengine wakasema siyo marehemu, ni mjane. Kwamba nimekwenda mahali nikapewa kitu. Shemeji akaacha kula kwangu! Anakuja, anasalimia, nikimwekea chakula anasema ameshiba, na midomo imemkauka kwa njaa. Neema akarudi shuleni analia, wenzake wamemwambia mama yake anarudisha majina kwa dawa.

Niliogopa. Nakwambia ukweli, niliogopa kuliko siku ile ya kukuzika. Mwanamke aliyefiwa akishaitwa hivyo, hafukuzwi kwa fimbo. Anaachwa kusalimiwa kwanza. Hayo mengine yanafuata yenyewe.

Nikaanza kuwaza ni nani. Wa kwanza nilimshuku Oswadi mwenyewe: anafuta kwa mkono wa kulia, anarudisha kwa wa kushoto, ili niitwe mchawi niondoke kwa miguu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wa pili, unisamehe, nilimshuku Mwalimu Skola. Maana kompyuta ni yake. Na sikusahau kwamba msimu wa kupanda wewe ulikuwa unakwenda kwake Katandala na lile sweta lako safi, unaniambia "naenda kurekebisha makro." Makro, makro. Makro gani inahitaji sweta la Jumapili?

Nikapanda bodaboda nikaenda kwake. Akanikaribisha chai. Sikuinywa. Nikamwambia, "Mwalimu, fungua hilo faili mimi nikiwa hapa, nikuone mikono."

Maskini, alikuwa anaogopa kuliko mimi! Akaniambia amekuwa akisali kabla ya kuigusa ile kompyuta. Akaandika Oswadi, akafunga. Akafungua. Ukatokea ule mstari wa njano unaouliza kama uruhusu makro au usiruhusu. Akabofya ruhusu bila hata kuusoma. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Baba Neema alinifundisha, ukiulizwa, kubali." Alipokubali tu, nikaviona kwa macho yangu. Vichupo vikacheza kidogo, vikajipanga, na Oswadi akageuka Mama Neema.

Mwalimu akapiga ishara ya msalaba. Mimi nikakumbuka maharage.

Unakumbuka? Ulipoleta ile kompyuta ya kazini nyumbani, ukanifundisha kuweka mbegu zetu, shiti moja ya mahindi, moja ya maharage, moja ya ulezi. Mimi nikawa naandika jina kule chini kwenye kichupo, linapotea kila nikifungua, nikakasirika nikasema mashine yako ina wivu. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Mke wangu, chini usipaguse. Andika juu, kwenye kisanduku cha kwanza. Makro inasoma juu, inashusha chini."

Nikamwambia Mwalimu, hebu panda juu kabisa ya hiyo shiti yetu. Wao hawapandi, Baba Neema. Wanashuka moja kwa moja kwenye mistari ya michango. Akapanda. Kisanduku cha kwanza, mahali ambapo kaya nyingine zote zina jina la baba, kwetu pameandikwa Mama Neema. Herufi kubwa, wazi kabisa, hata hukuficha.

Nikamuuliza nani kaandika. Akasema, "Yeye mwenyewe. Alipokuja ule msimu wa kupanda. Alisema ana safari nyingi za kazi, mama ndiye atakayekuwa anapatikana."

Safari gani? Ulikuwa na safari gani wewe?

Hapo sasa ndipo nikaacha kuwashuku watu, nikaanza kukushuku wewe. Msimu wa kupanda wewe ulikuwa bado unabeba gunia begani. Ulikuwa unalalamika mgongo tu. "Ni mgongo, mama, utapoa." Nikukande kwa maji ya moto, unasema asante, unageukia ukutani. Nikakumbuka na ule msiba wa bibi Joisi, Mwalimu aliposoma "Mama Neema" na mimi nikakaa nikidhani kakosea, wewe ukanipiga kiwiko ukaninong'oneza, "Simama, umeitwa." Nikasimama nimenuna. Nilidhani unakwepa kubeba kuni! Kumbe ulikuwa unanifundisha kusimama.

Ulijua. Ulijua unaondoka, mwanaume wewe, na hukusema.

Nililia kwenye kochi la Mwalimu Skola mpaka mume wake akachungulia. Chai ilipoa. Baadaye niliinywa hivyohivyo.

Kikao kilichofuata tuliwaonyesha watu wote. Mwalimu alieleza taratibu kama anafundisha darasa la tatu: makro ni maagizo tu, marehemu aliyaandika, kila faili likifunguliwa inasoma jina la juu, inabadilisha la chini, inapanga. Basi. Hakuna dawa. Watu wakapumua, wengine wakacheka kwa aibu. Nikadhani yamekwisha.

Oswadi akasimama. Hana ujinga yule, damu yako. Akasema, "Kumbe ni rahisi hivyo. Basi futeni hapo juu, muandike Oswadi. Wazee wameshasema."

Nikaona nimejichimbia shimo mwenyewe. Walipoogopa uchawi, jina langu lilikuwa na ulinzi. Nimewaondolea hofu, nikawaonyesha mahali pa kufuta. Mwalimu Skola alikuwa ameshaweka kidole, anamtazama mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu, Mzee Salum mwenye duka, alishika ndevu zake. Akasema, "Oswadi mwanangu, sheria yetu inasema kaya ndiyo inayoleta jina. Kaya hii ililetewa jina na mwenyewe, akiwa hai, anatembea kwa miguu yake. Tukilifuta leo, nani kati yetu hapa atakufa akiwa na imani na sisi?" Halafu akanigeukia. "Lakini mama, hatuwezi kumpa mtu kaya asiyeitaka. Unaitaka?"

Nilisimama. Hakukuwa na kiwiko cha kunipiga. Nikasema, "Shikamoo Mzee. Naitaka."

Oswadi alitoka nje, akakaa huko, akarudi. Juzi amekuja nyumbani akala ugali wa ulezi na maharage, akaongeza. Nimemsamehe, ila mpaka wa shamba nimeupandia miti. Kusamehe ni kusamehe, na miti ni miti.

Mwalimu Skola ananifundisha sasa hiyo makro. Naielewa kidogokidogo. Nasoma ulichoandika mstari kwa mstari, napatafuta mahali ulipoogopa, sipaoni. Umeandika kwa mkono uliotulia. Hiyo ndiyo inaniuma. Uliketi kwa mtu mwingine, ukafuta jina lako, ukaandika langu, ukavaa sweta lako ukarudi nyumbani, nikakuuliza umeshindaje, ukasema vizuri. Ningepewa na mimi ile miezi, Baba Neema. Tungeogopa wawili.

Kaya yako ninayo, sitaiachia. Neema anasoma, na anakusalimu. Na mimi nakuahidi hili: siku mwili wangu utakaponiambia, sitakwenda Katandala. Nitamkalisha binti yako jikoni, nitamwambia kwa mdomo wangu, hata kama atalia, hata kama tutalia mpaka ugali uungue.

Pumzika sasa. Shikamoo zangu kwa mama yako huko uliko. Nakupenda, na bado nimekukasirikia.

Mkeo,
Mama Neema